Vipimo vya Chumba Kitupu

Siku hizi watu wa mji wetu wa Paraíso wakimtaja doña Xinia Brenes hukunja midomo, na mimi hukaa kimya kana kwamba simjui. Nimechoka kukaa kimya. Mimi ni Marielos, nilikaa naye meza moja miezi minane, na katika yote yaliyompata nina mkono wangu. Kwa hiyo nitamweleza kama alivyokuwa, na anayetaka kununa anune.

Alizaliwa huko chini bondeni, Orosi, kwa wachuma kahawa, na akiwa na miaka saba tayari alikuwa na kikapu chake kiunoni. Shule aliiacha darasa la sita. Mume alimpata, huyo mume akaenda Limón kutafuta kazi bandarini, akapata kazi na mke. "Angalau kazi aliipata," doña Xinia alizoea kusema, halafu anacheka mpaka anavua miwani. Miaka kumi na tisa alishona nguo za ndani katika kiwanda kimoja cha Cartago. Mwaka mmoja wakaenda likizo ya Pasaka, wakarudi Jumatatu wakakuta kufuli langoni, na ndani hakuna hata sindano. Mashine zote zilikuwa zimehamishiwa nchi nyingine. Wale wanawake walikaa pale langoni kutwa nzima wakidhani labda atatokea mtu kuwaeleza.

Yeye hakukaa kulia. Alirudi shule ya watu wazima na miaka yake arobaini na tatu, akamaliza sekondari, kisha akasomea utunzaji wa kumbukumbu. Nilipomkuta alikuwa na hamsini na nne, na mwandiko ambao ungedhani umepigwa chapa. Kazi alinifundisha kwa ukali.

"Kalamu ya bluu tu, Marielos. Penseli waachie watoto. Ukikosea usifute, usipake rangi nyeupe. Piga mstari mmoja, weka sahihi na tarehe, ili atakayekuja aone ulikosea nini na ulikosea lini."

"Na nikikosea mara kumi?"

"Weka sahihi mara kumi, kisha utafute mume mwenye subira."

Kiwanda chetu kilikuwa kipya, bado kinanuka rangi. Kilijengwa kwa ajili ya kutengeneza mirija myembamba kama tambi, ile ambayo daktari huipitisha kwenye mshipa wa damu mpaka ikafika kwenye moyo wa mtoto. Wenye mali wako kaskazini, Marekani, na hapa aliwawakilisha meneja wetu, don Olman Gamboa, mtu wa tai nzuri na maneno matamu. Wanawake arobaini walikuwa wameshafunzwa na majina yao yako kwenye orodha. Nusu yao ni wale wale waliokutana na kufuli Cartago. Walikuwa wanasubiri tu kuitwa.

Lakini hakuna hospitali inayonunua mrija wa moyo kutoka kwa kiwanda kisicho na cheti, na cheti hakitoki mpaka mkaguzi aje akague mfumo wenu wa ubora. Sasa hapo ndipo watu huchanganyikiwa. Utakaguaje kiwanda ambacho hakijatengeneza kitu? Si ni kuonja mchuzi kabla moto haujawashwa? Nilimuuliza doña Xinia hivyo hivyo, na alinijibu bila kuinua macho kwenye faili lake. "Haonji mchuzi, mwanangu. Anaangalia kama mpishi ananawa mikono. Tulisema tutafanya moja, mbili, tatu. Anakuja kuona kama tunafanya tulichosema."

Na sisi tulikuwa tumesema, kwa maandishi, yenye mihuri, kwamba kuanzia tarehe mosi Julai kila siku ya kazi saa tatu asubuhi kuna mtu atakayesoma vipimo vya chumba safi: joto, unyevu, na presha ya hewa inayozuia vumbi lisiingie. Mkaguzi angekuja Oktoba. Wenye mali walikuwa wameshasema kwamba wakikosa cheti kabla ya mwaka kwisha, mashine zitaenda kwingineko. Tulilisikia hilo sote, na hakuna aliyehitaji kukumbushwa habari ya kufuli.

Julai ikafika, mashine ya hewa haijafika. Ilikwama bandarini, leo karatasi hii, kesho karatasi ile. Chumba safi kilikuwa chumba tu, cheupe, kitupu, na kipimo ukutani kimelala kwenye sifuri. Mashine ilikuja kufika na kufungwa mahali pake tarehe ishirini na nane Agosti. Miezi miwili ya vipimo haikuwapo.

Sasa lazima niseme jambo moja kuhusu sisi. Huku kwetu kumwambia mtu "hapana" usoni ni kama kumtemea mate. Ukimwalika mtu chakula naye hawezi kuja, atakwambia "ndiyo, siku za karibu," na wewe utajua haji, na mtabaki marafiki. Ndivyo tulivyolelewa. Tunapenda kubaki vizuri na kila mtu. Kwa hiyo wenye mali walipokuwa wakiuliza kwa simu kama vipimo vinaendelea, don Olman alijibu vinaendelea vizuri sana. Na katikati ya Septemba alikuja kwenye meza yetu na mafungu mawili ya fomu tupu na ile sauti yake ya asali.

"Doña Xinia, mama yangu, nisaidie na kakitu haka."

"Kakitu gani, don Olman?"

"Julai na Agosti. Zijaze tu. Ni chumba kitupu, humo hakujatengenezwa kitu, hakuna mtoto atakayeumia. Baada ya hapo tunaanza sawasawa, kwa haki ya Mungu."

Doña Xinia aliziangalia zile fomu muda mrefu. Nilimwona anafungua mdomo. Halafu don Olman akaongeza, polepole, kwamba wale mama arobaini wanampigia simu kila siku, na yeye hajui awaambie nini.

"Ndiyo, don Olman," akasema.

Alizijaza Jumanne moja, tangu baada ya chakula cha mchana mpaka saa kumi, mvua inapiga bati. Hakutania siku hiyo. Ukutani mbele yake ilikuwepo kalenda ya kampuni, ile iliyoletwa kutoka makao makuu, na alikuwa akiinua macho, anaangalia tarehe, anaandika, anaruka Jumamosi na Jumapili, anaandika. Mimi nilikuwa hapo hapo napanga mafaili. Sikumwambia acha, wala sikumwambia nikusaidie.

Mkaguzi alikuja Oktoba, siku mbili. Don Eladio Quirós, mzee mfupi mwenye sweta ya kufumwa, mpole kama padri wa kijijini. Siku ya kwanza ilikwenda mtelezo kama maji. Alimuuliza doña Xinia fomu ya mafunzo ya fulani, naye akaitoa kabla hajamaliza kutaja jina. "Señora," mzee akamwambia, "nimekagua viwanda miaka ishirini, sijaona mafaili kama haya." Doña Xinia akawa mwekundu mpaka masikioni. Don Olman alikuwa anatembea utadhani tayari amekishika cheti.

Siku ya pili asubuhi tulimkaribisha kahawa, na mkate wa moto, na tamali za mama yangu, zile za unga wa mahindi zinazochemshwa ndani ya majani. Hapo ndipo mdomo wangu ulipoponza kichwa cha mwenzangu. Mzee alikuwa anasugua goti. Akasema tangu ile hija ya Agosti ya kwenda kwa Negrita, Bikira Maria wetu wa Cartago, goti limegoma. Alitembea kutoka Alajuela mwendo mzima, na umri umekataa. Basi mimi nikaona nafasi ya kumsifu mtu wetu.

"Wewe don Eladio umetembea tu! Huyu doña Xinia amekwenda kwa magoti! Kutoka mlango wa basilika mpaka altareni, misa ya saa tatu, tarehe mbili Agosti yenyewe. Nilikuwa nyuma yake nimembebea mkoba. Alikuwa anaomba kiwanda kifunguliwe."

"Mungu amjalie," mzee akasema, na alikuwa anamaanisha.

Doña Xinia aliweka kikombe chini. Akaanza kukusanya sahani ambazo bado zina chakula. Nilidhani ni haya ya kusifiwa. Mjinga mimi!

Baada ya kahawa tulirudi mezani, sisi wanne, na don Eladio akaomba faili la chumba safi. Alifunua taratibu, akilamba kidole. Akatabasamu.

"Swali dogo tu. Tarehe nne Julai hamkusoma vipimo. Kulikuwa na nini?"

Tukatazamana. Tarehe nne Julai kwetu haina lolote, ni siku ya kufua nguo. Ndipo nilipoinua macho kwenye kalenda ya ukutani. Tarehe nne Julai ilikuwa nyekundu. Ni sikukuu yao wenye mali, huko kwao. Na sikukuu zetu zote, ishirini na tano Julai, kumi na tano Agosti ambayo ni siku ya mama, zilikuwa nyeusi kama siku yoyote ya kazi. Mwanamke mwenye mafaili yasiyo na doa alikuwa amejaza miezi miwili kwa sikukuu za watu wengine. Tarehe mbili Agosti pia ilikuwa nyeusi. Siku ambayo Cartago nzima imefungwa kwa sikukuu ya Negrita, hata mbwa wako barabarani na mahujaji, sisi tulikuwa na joto nyuzi ishirini na moja, unyevu sawa, presha sawa, saa tatu kamili asubuhi, sahihi: X. Brenes.

Mzee aligeuza lile faili likamwelekea. Hakupandisha sauti.

"Doña Xinia, siku hii ulikuwa hapa?"

Don Olman akaruka kabla hajajibu. "Ah, hiyo naikumbuka! Siku hiyo aliyesoma ni Marielos, alikuwa zamu. Doña Xinia alikuja kuweka sahihi kesho yake. Kosa dogo la utaratibu. Si ndiyo, Marielos?"

Wote watatu wakanigeukia. Nusu saa tu ilikuwa imepita tangu nijigambe kwamba nilikuwa kanisani nimebeba mkoba. Mtu yeyote mwenye akili angesema hapana, au angenyamaza. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Don Olman alikuwa ananitazama na macho ya kuomba, na mimi nilikuwa na kazi ya kulinda na mama yangu mgonjwa wa sukari, na ulimi ukajiendea wenyewe.

"Ndiyo, don Olman."

Don Eladio alinitazama kwa huruma. Ile huruma ndiyo iliyonichoma. Akachukua kalamu aandike.

"Hapana," doña Xinia akasema.

Nimeishi miaka thelathini na saba katika nchi hii, na sidhani nimewahi kulisikia neno hilo likitamkwa hivyo, peke yake, bila "samahani" mbele wala "labda" nyuma.

"Hapana, don Olman. Mwache huyu binti, usimwingize. Siku hiyo hakuna aliyesoma. Hakuna aliyesoma siku yoyote, Julai yote na Agosti yote mpaka tarehe ishirini na nane, kwa sababu mashine ya hewa haikuwepo. Nimezijaza mwenyewe, mchana mmoja." Akavuta faili, akatoa kalamu yake ya bluu, na akaanza kupiga mstari. Karatasi ya kwanza, mstari mmoja, sahihi, tarehe ya leo. Ya pili. Ya tatu. Tulikaa tukimtazama mpaka akamaliza zote. Kwenye ile ya tarehe mbili Agosti mkono ulikwama kidogo, akapumua, akaendelea.

"Nani alikuagiza?" don Eladio akauliza.

Don Olman alikuwa ametoka kijasho chembamba mpaka tai imelowa. Nilijua jibu. Doña Xinia alimtazama yule bwana, kisha akatazama ubaoni, kwenye orodha ya wale wanawake arobaini. Meneja akiondoka, nani angekifungua kiwanda?

"Kalamu ni yangu," akasema. "Andika hivyo."

Cheti hakikutoka. Mzee alitupa miezi mitatu: tusome vipimo vya kweli, tutafute chanzo halisi cha kasoro ile, tukiondoe, kisha atarudi. Kwa wenye mali don Olman alijieleza anavyojua yeye, nao wakakubali kusubiri. Ijumaa ile doña Xinia aliitwa ofisini, akatoka na mfuko wa plastiki wenye miwani ya akiba na kikombe chake. Jumba bovu lilimwangukia yeye peke yake. Nilimsindikiza mpaka langoni.

"Usilie, Marielos, utaharibu karatasi za watu," akaniambia. "Na usome vipimo kila siku. Saa tatu siyo saa tatu na robo."

Mjini hawakumhurumia. Wale arobaini walijua tu kwamba walikuwa waitwe Novemba na sasa hawaitwi, na sababu ni yeye. Kwenye duka la mikate nilimsikia mmoja wao, tena alishona naye Cartago, akimwambia usoni: "Haya, mtakatifu wetu! Magoti yote yale halafu umekwenda kutuchongea?" Mwingine akadakia, "Mwache, yeye ana kiti chake mbinguni, sisi tule nini?" Doña Xinia akachukua mkate wake, akasema asante kwa muuzaji, akatoka. Na mimi nilikuwa kwenye foleni, watu wawili nyuma. Ningeweza kusema. Nilijifanya nahesabu mikate.

Meza yake nilipewa mimi. Nilisoma vipimo kila siku, saa tatu kamili, na vilikuwa vya kweli. Januari, kabla mkaguzi hajarudi, don Olman aliniletea fomu ya marekebisho ikiwa imeshaandikwa kwa mashine, imebaki sahihi ya mtunza kumbukumbu. *Chanzo halisi cha kasoro: mfanyakazi mmoja, X. Brenes, alighushi vipimo kwa hiari yake. Hatua iliyochukuliwa: mfanyakazi ameondolewa. Chanzo kimekwisha.*

"Ni kakitu tu," akasema.

Nikaweka sahihi.

Don Eladio aliisoma mara mbili. Akavua miwani. Don Olman alikuwa amesimama dirishani ametupa mgongo. "Doña Marielos," mzee akaniuliza, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kuitwa doña, kama bibi wa heshima, mahali pale, "wewe ulikuwepo. Hiki ndicho chanzo halisi?"

Alinisubiri. Nakuambieni alinisubiri muda wa kutosha mtu kusema salamu Maria nzima. Alikuwa ananifungulia mlango.

"Ndiyo, don Eladio," nikasema.

Cheti kilitoka. Februari wale arobaini waliitwa, wakaingia na kofia zao nyeupe, wakipigana picha, na mirija ya kwanza ilitoka Machi, mizuri, haina hata chembe ya vumbi. Tukala keki. Don Olman alitoa hotuba juu ya uaminifu, na mimi nilipiga makofi kama wengine.

Jumapili iliyofuata nilishuka bondeni kwa doña Xinia. Amerudi nyumba ya wazazi wake, anashonea watu sare za shule. Alifurahi kuniona mpaka nikaona aibu. Alichuja kahawa, akakaanga mikate ya mahindi mabichi, akataka habari zote: nani yuko kwenye mashine ipi, chumba kinashika presha, mkono wangu umeacha kuandika saba kama moja? Nilipomwambia mirija imetoka, alipiga ishara ya msalaba na kusema, "Basi Negrita amesikia." Halafu akawa anakunja kitambaa cha meza upande mmoja, anakikunjua.

"Marielos, nikuulize kitu. Ile fomu ya marekebisho. Pale kwenye chanzo, waliandika nini?"

Njia nzima nilikuwa nikijua kwamba ataniuliza. Nilikuwa nimejiandaa kumweleza, na kumwomba msamaha, na nauli ya kurudi nilikuwa nayo tayari, endapo angenifukuza.

"Waliandika mashine ilichelewa bandarini na mpango wa kazi haukubadilishwa," nikasema. "Jina lako halimo."

Akafunga macho. Mabega yake yakashuka, ungedhani mtu amemtua mzigo wa kuni.

"Ah, ashukuriwe Mungu," akasema. "Miezi yote hii nilikuwa nalala nikidhani wameandika mimi." Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akanimiminia kahawa nyingine bila kuniuliza kama nataka, na mimi nikainywa.